Nyuni wa Igombe

Sarufi ya Kiswahili inatenga mambo mawili ambayo ushairi wake mara nyingi umeyachanganya. Ndege akiwa ni kiumbe mwenye mbawa hufuata upatanisho wa viumbe: ndege mwema, ndege huyu, ndege amelia. Ikiwa ni ishara ya kheri au shari iliyomkuta mtu njiani, upatanisho hugeuka: ndege njema, ndege mbaya, ndege hii irudishe nyumbani. Uhai umeondoka katika kiambishi, imebaki habari. Hata neno kongwe la ushairi, nyuni, halikusalimika, kwani pwani ni jina pia la maradhi ya watoto wachanga yaliyodhaniwa kuletwa na ndege, na degedege nalo limezaliwa katika dhana hiyo hiyo. Ushairi wa Kiswahili, kuanzia tungo za kale hadi nyimbo za taarab, umeishi zaidi na ndege huyu wa pili. Njiwa ni tarishi, kasuku ni mmbeya, mwewe ni mporaji, bundi ni msiba, kunguru ni mwoga aukimbizaye ubawa wake. Kila mmoja anajulikana kabla hajatua. Akishatua, hapana anayemtazama, maana kazi yake imekwisha.

Alama hizi zilitungwa pwani na visiwani. Ni kinaya kidogo kwamba kunguru anayeijaza Unguja leo si mwenyeji, bali ni yule wa India aliyeletwa katika miaka ya 1890, ilhali misemo juu ya kunguru ni mikongwe kuliko kuja kwake. Ndege alibadilika, msemo haukujali. Lugha ilipopanda bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kutoka huko hadi Ujiji na Manyema, alama zilipanda nayo kama zilivyopanda shanga na merikani. Kwa hivyo pahala pa kuzipima ni huko zilikofikia, na hapana panapofaa zaidi ya Tabora, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kama kipande cha pwani kilichopandwa katikati ya miombo, pamoja na miembe yake, matembe yake na Kiswahili chake.

Ipuli ni kata ya manispaa ya mji huo, juu ya uwanda ulioinuka mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Maji makubwa ya jirani ni ya kuzuiwa kwa mikono ya watu: bwawa la Kazima, na bwawa la Igombe lililo kaskazini ya mji, ambako mto wa jina hilo umesimamishwa kabla haujaendelea na safari yake ya magharibi kuelekea Malagarasi, kwenye maeneo oevu yaliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Mabwawa haya yalijengwa ili watu wanywe. Ndege walikuja bila kualikwa. Tangu maji ya Ziwa Viktoria yalipofikishwa Tabora mwaka 2021, Igombe si tegemeo la pekee la mji, na mtu anayekwenda huko leo bila ndoo wala nyavu, ila na darubini shingoni, huenda akaulizwa anatafuta nini. Swali hilo ni la haki, na uhakiki una wajibu wa kulijibu.

Wakati wa kwenda ni Oktoba na Novemba. Katika Ulaya ni majira ambayo wafasiri wa Kiswahili huyaita vuli, au huyaundia fungu la maneno kama majira ya kupukutika majani. Majina yote mawili yanapotosha. Vuli ya visiwani ni mvua, si majani. Ni jina la mvua ndogo zinazotangulia kaskazi. Tabora nayo haina vuli hata ya namna hiyo, kwa kuwa mvua yake ni msimu mmoja, unaoanza kwa kusitasita mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Na kuhusu majani, miombo inafanya kinyume kabisa cha yale yanayosomwa katika tafsiri. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya tone la kwanza kuanguka, ardhi ikiwa kavu na moshi wa mioto ya mashamba ukiwa bado hewani, miti hiyo huchipua. Machipukizi yake huwa mekundu, ya rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau, na msitu mzima huonekana kama unaowaka kabla haujageuka kijani. Wekundu wa majani ambao katika ushairi wa Ulaya ni rangi ya kuaga, katika Unyamwezi ni rangi ya kuzaliwa. Mshairi wa Kiswahili anayeazima majani mekundu kuwa ni uzee na faraka, akayapeleka Tabora, atakuwa amesema uongo bila kujua.

Ndivyo ilivyo kwa ndege wa msimu huo. Katika ushairi wa Ulaya mbayuwayu wa majira haya ni anayeondoka, na huzuni ya kuondoka kwake imetafunwa na washairi mpaka imekuwa makapi. Anayesimama kwenye ukingo wa Igombe anamwona akifika.

Inafaa kukaa kidogo hapo ukingoni, maana hoja yote inategemea kinachoonekana. Mwezi wa Oktoba bwawa limeshuka. Maji yamerudi nyuma na kuacha mkanda mpana wa tope, umepasuka juu na bado ni laini chini, wenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Katika mkanda huo wanakimbia vitwitwi, ndege wadogo wa miguu mirefu, waliozaliwa miezi michache nyuma kwenye mito na vinamasi vya kaskazini ya Ulaya na Asia. Tope wanalolitaka lipo kwa wiki chache tu. Mvua ikishakolea, bwawa litajaa, tope litazama, na mbuga zote za jirani zitakuwa na madimbwi. Hapo vitwitwi watatawanyika na asiyewahi kuja atasema hawakuwepo. Kwa hivyo mtazamaji anawahi ukame, na wakati huohuo anaomba mvua, kwa kuwa ni mvua inayowaleta wengine.

Hali ya hewa ya wiki hizo haina msimamo. Asubuhi jua huchoma na maji yamelala. Furukombe analia kutoka kwenye mti mkavu. Mnandi ametandaza mbawa zake zikauke. Yangeyange wanawafuata ng'ombe. Baada ya adhuhuri mawingu yanajijenga, upepo unageuka mara moja, vumbi linainuka barabarani, na radi inasikika upande ambao hakuna wingu. Mvua huweza kupiga ng'ambo moja ya bwawa na kuiacha nyingine kavu. Ikipita, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na ndani ya robo saa anga tupu huwa imejaa: mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya ambao husikika kabla ya kuonekana, korongo walioshuka kutoka ukanda wa Saheli. Miongoni mwa wapitao Tanzania katika wiki hizo yumo kozi mdogo anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya Uchina, ambaye huvuka bahari kutoka Bara Hindi hadi Afrika ya Mashariki akisukumwa na upepo wa kaskazi. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa upepo huo ni upi. Ni huohuo uliozileta jahazi, na kozi huyu anaujua bila nahodha.

Je, nani ameyaandika haya? Si kwamba hayakuandikwa. Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, yaani Tabora ya wakati huo, mvua zikiwa zinakaribia. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa na kawaida ya kusafiri wakati wa kiangazi na kurudi makwao mvua za kwanza zikaribiapo ili wapande; kwa maana hiyo ndege wa kaskazini na wenye nchi walirejea pamoja, jambo ambalo lingetosha kuwa utenzi. Burton alimpata Kaze mwenyeji wake Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyekuwa msomaji na mjuzi wa lugha za bara, na katika kitabu chake cha 1860 anakiri kwamba sehemu kubwa ya maarifa yake aliyapata katika mazungumzo ya bwana huyo. Ukurasa ni wa Kiingereza. Kinywa kilikuwa cha barazani. Maarifa yalitoka na hayakurudi.

Mwenye jicho la kweli kwa ndege alikuja baadaye. Richard Böhm, aliyezaliwa Berlin mwaka 1854, alipanda bara kutoka Zanzibar mwaka 1880 pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser, akakaa Kakoma na Ugunda, kusini ya Tabora, akakusanya, akachora, akaandika. Alifariki Katanga mwaka 1884 kabla hajatimiza miaka 30. Barua zake zilichapishwa mwaka 1888 na rafiki wa fani yake, Herman Schalow. Anayezisoma anakutana na mtu aliyesubiri. Hilo ndilo jambo la kumhusudu: alikaa pahala pamoja misimu kadhaa, akamwona ndege yule yule katika ukame na katika mvua, na hakutaka ndege huyo awe ishara ya lolote. Lakini kuona kwake kulikuwa na bunduki ndani yake. Alichokiona vizuri kilishia kuwa ngozi yenye kibandiko katika makumbusho ya Berlin, na kuonekana mara moja kulimgharimu ndege uhai. Ushairi wa alama humnyima ndege uhai katika kiambishi. Sayansi ya enzi hiyo ilimnyima kwa risasi. Haifai kumtukuza Böhm kwa kulisahau hilo, wala kulitaja hilo ili kumfuta.

Kilichobaki ni majina. Keremkerem mmoja mzuri, Merops boehmi, ana jina la Böhm. Mnana mmoja wa magharibi ya Tanzania, Ploceus reichardi, ana jina la Reichard. Waliobeba masanduku ya ngozi hizo hadi pwani hawana hata kinega. Tabora yenyewe imeingia katika orodha kwa mlango mdogo: Anton Reichenow alimpa jina mwaka 1891 ndege wa majani, kahawia, mdogo, ambaye jina lake la kisayansi lasema tu kwamba mkia wake ni mwembamba, na ambaye kwa Kiingereza huitwa kwa jina la mji huo. Kwa hivyo wapo watu London na Chicago ambao hawatakanyaga Unyamwezi maisha yao yote lakini wanaijua Tabora kwa sababu ya ndege ambaye Kiswahili hakina neno la kumtenga na wenzake.

Vitabu vya mwongozo vya siku hizi vinastahili kusomwa kama fasihi, ingawa havikuandikwa kwa nia hiyo. Kile cha Zimmerman, Turner na Pearson cha mwaka 1996, ambacho kwa picha na maelezo kilikuwa bora wakati wake, kinaishia kaskazini ya Tanzania. Tabora iko nje ya ukingo wa ramani. Cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha 2002, kilichotolewa upya mwaka 2020, kinaifunika Tanzania nzima pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Nathari yake ni ya kubana mno: umbo, makazi, mwenendo, mlio. Hapo kwenye mlio ndipo waandishi wanapolazimika kuwa washairi bila kupenda, kwa kuwa hapana picha ya sauti, na inawabidi watafute silabi. Mtu aliyelelewa katika lugha yenye tanakali za sauti nyingi kama Kiswahili, lugha inayojua tofauti ya kuanguka pu na kuanguka tubwi, anapoisoma safu hiyo hawezi kukosa kuona kwamba kazi hii ilikuwa yake. Silabi zilizomo zimepangwa kwa sikio la Kiingereza. Sikio la Tabora lingezipanga vingine, na kwa usahihi zaidi.

Itasemwa kwamba kumtaka mshairi wa Kiswahili amtazame ndege ni kumtwika desturi ya kigeni. Kwamba ishara ndiyo njia ya ushairi huu, na fumbo ndilo fahari yake. Pingamizi hilo ni zito, lakini linajibiwa na utungo ulio kileleni mwa jadi yenyewe. Katika Al-Inkishafi, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba za mabwana wa Pate zimekwisha, na katika madaka ya ukutani palipopangwa vyombo vya kaure sasa wamelala makinda ya nyuni, na bumu analia ndani. Bumu hapo ni alama. Alikuwa alama kabla ya utenzi na ataendelea kuwa alama. Lakini wale makinda si alama kwanza. Ni jambo lililoonwa. Daka lina ukubwa wa kiota, lina kivuli, liko juu ya ufikio wa paka, na nyumba ikihamwa ndilo pahala ambapo ndege wadogo wangelichagua. Mtunzi aliangalia ukuta, akaona mahala pa sahani pametosha ndege, na kutoka katika kutosha huko ikatoka maana. Angetumia alama tupu, ungebaki wasia kama nyasia nyingine. Kipimo, basi, hakitoki Berlin. Kinatoka Pate.

Vivyo hivyo kwa hali ya hewa. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alijenga fumbo la Kimbunga juu ya upepo ambao mvuvi angeutambua, na diwani iliyochukua jina hilo mwaka 1994 ilionesha kwamba mtu anaweza kuwa mtunzi wa mafumbo bila kuipa mgongo anga. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alikuwa amekwisha kuliingiza ziwa katika ushairi huu tangu Kichomi ya mwaka 1974. Bara ya miombo bado inangoja mtu wake, na si kwa ukosefu wa wasomi, kwa kuwa Tabora ndiyo iliyosomesha nusu ya viongozi wa taifa.

Tatizo la majina si kubwa kama linavyodhaniwa. Pwani iliwapa majina ndege wengi wa maji: membe, shakwe, mnandi, kulastara, sululu, mdiria, heroe, kitwitwi. Kamusi zimeyahifadhi kwa uvivu, mara nyingi zikitosheka kumwita kila mmoja aina ya ndege na kumwacha msomaji gizani, lakini zimeyahifadhi. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wa ndege hao hawaishii pwani. Membe mdogo mwenye mbawa nyeupe anayeruka juu ya Igombe mwezi wa Novemba, akiudona uso wa maji bila kutua, ni wa ukoo ule ule wa membe anaowajua mvuvi wa Nungwi. Kinyamwezi na Kisukuma nazo zina majina yake kwa ndege wa mbugani na wa miombo, yanayojulikana na wachungaji na warina asali, na ambayo Kiswahili kingeweza kuyapokea kama kilivyopokea maneno mengine ya bara. Kukusanya majina hayo si kazi ya wanazuoni peke yao. Mshairi akilitumia jina moja vizuri, kamusi itamfuata. Haijapata kuwa kinyume chake. Kazi yenyewe ina haraka, kwa kuwa miombo ya Tabora hukatwa kila mwaka kwa ajili ya mabani ya tumbaku, na mrina asali anapokosa msitu, majina aliyoyatumia humo hayapati pa kutumika.

Kitwitwi anafaa kwa mwanzo. Jina lake ni mlio wake, kwa hivyo aliyelitunga alisikiliza. Yule atikisaye mkia bila kupumzika, anayeonekana peke yake kwenye mawe ya ukingo wa Igombe, huonekana pia katika wiki hizo hizo kwenye ufuko wa Unguja maji yakitoka, akila kati ya madau yaliyolala ubavu. Ni ndege wa aina moja kwenye ncha mbili za njia ya misafara, na alikuwepo kwenye ncha zote mbili kabla ya njia hiyo kukatwa. Hana kheri wala shari anayoitangaza. Akiinuliwa na nyayo huruka chini kwa chini juu ya maji, mbawa zikitetemeka na kusimama, zikitetemeka na kusimama, akaita mara tatu na kutua mbele kidogo, na mvua ikianza haondoki.